Kuchemsha hakutoi floraidi

Mkuu unayesema serikali ikishaleta bomba imemaliza, mengine kila mtu achemshe nyumbani kwake, kwa Arusha hiyo haifanyi kazi. Hapa shida sio vijidudu tu, kuna floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji kutoka kwenye miamba ya volkano ya huku Meru, na floraidi haitoki kwa kuchemsha, ukichemsha sana ndo unaikoleza kabisa maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Nenda Maji ya Chai au Ngare Nanyuki uangalie meno ya watu waliokulia kule, yamekuwa kahawia, na wapo waliopinda miguu, sasa hao nao wazazi wao walikuwa wavivu wa kuchemsha?

Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe la kutoa floraidi lipo, kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamelishughulikia sana tu, ila mkaa unachoka inabidi ubadilishe na upime, mama anayeuza mbogamboga soko la Kilombero hapa mjini atapimia wapi jamani. Kupima na kuchanganya maji ya vyanzo tofauti mpaka floraidi ishuke ni kazi ya mamlaka ya maji, sheria ya maji ya 2019 ipo na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndo msimamizi, sio hisani.

Mji nao unapanuka, Muriet, Olasiti huko, watu wanachimba visima vyao na maboza yanauza maji sijui nani kayapima. Mi nataka majibu ya vipimo yabandikwe ofisi ya mtaa, kila chanzo na namba yake, tulinganishe na kile kikomo cha floraidi cha WHO, miligramu 1.5 kwa lita.