Naitrojeni ya mvua haitoshi mahindi

Ndugu yangu, umeuliza kama naitrojeni, kirutubisho cha mimea, inayoshuka na mvua inatosha mahindi yako ya Masindi, ili usinunue mbolea. Haitoshi. Hewa ina asilimia 78 ya naitrojeni, ila mahindi hayawezi kuitumia ilivyo. Inayoifaa mimea ni ile iliyokwisha kugeuzwa: na radi, na moshi wa magari na wa mashamba yanayochomwa, na hasa gesi ya amonia inayopanda kutoka kwenye mkojo wa ng'ombe, samadi iliyoachwa wazi na mbolea ya yurea iliyomwagwa juu ya udongo. Hiyo ndiyo hurudi na mvua au vumbi.

Uholanzi, penye mifugo mingi mno, hurudi nyingi hadi kuharibu misitu yao. Mwaka 2019 uamuzi wa mahakama ulikwamisha vibali vya ujenzi na ufugaji kwa sababu hiyo. Sisi Uganda shida yetu mashambani ni kinyume. Tani 2 za punje za mahindi huondoka na takribani kilo 30 za naitrojeni, na wengi wetu haturudishi kitu. Kwa hiyo panda maharage kwa zamu (bakteria wa mizizini mwake hugeuza naitrojeni ya hewa), funika samadi, na yurea uifukie siku hiyohiyo.

Ninaloliogopea zaidi ni ziwa. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, kwa hiyo moshi wa mashamba tunayochoma nao huishia humo, ukaulisha mwani ambao tayari umezidi.