Sarafu inathibitishaje kwamba kitu kipo?

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba mwaka 1947 mwanahisabati Paul Erdős alithibitisha kuwepo kwa grafu (michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari) ambazo hakuzichora, kwa hesabu ya uwezekano tu. Uwezekano si ni "huenda"? Huenda inageukaje kuwa hakika? (Mwanafunzi, Kisauni)

Jibu: Uwezekano hapa ni njia ya kuhesabu tu, mwanangu. Ikiwa mipangilio mibovu haifikii idadi ya mipangilio yote, basi upo angalau mmoja mzuri, hata kama hatujauona.

Tuseme kamati 15 zinavuka Likoni kwa feri mbili. Kila kamati ina watu 5, na mtu anaweza kuwa katika kamati kadhaa. Hatutaki kamati yoyote ipande nzima feri moja. Rushia kila mtu shilingi 20: ikija ndovu, feri ya kwanza, ikija nembo ya taifa, ya pili. Watu 5 wana mipangilio 32, na miwili tu ndiyo mibovu (wote feri ya kwanza au wote ya pili), kwa hiyo kamati moja huharibika kwa uwezekano wa 2/32, yaani 1/16. Jumlisha kamati zote: 15/16. Uwezekano wa kuharibika angalau kamati moja hauzidi jumla hiyo, nayo haifiki 1. Mpangilio mzuri upo.

Wengi huteleza hapo kwa kuzidisha badala ya kujumlisha. Kuzidisha kunataka kamati zisitegemeane, na zikiwa na watu wa pamoja huenda zinategemeana. Kujumlisha hakudai sharti hilo.

Zikiwa kamati 16 je? Jumla ni 1 kamili, na hoja inaonekana imekwama. Lakini jumla hiyo ndiyo pia wastani wa idadi ya kamati mbovu. Sarafu zote zikija ndovu, zote 16 ni mbovu. Ili wastani ubaki 1, lazima pawe na mpangilio wenye chini ya 1, yaani 0.

Hoja ya Erdős ni hiyohiyo. Chukua watu 100, ndio nukta za grafu, na kwa kila jozi rusha sarafu: wanajuana (pana mstari) au hawajuani. Hatutaki kundi lolote la watu 10 ambalo wote wanajuana au wote hawajuani. Kundi la watu 10 lina jozi 45, kwa hiyo uwezekano wa wote kujuana au wote kutojuana ni 2 gawanya kwa 2 kipeo 45, yaani 1 kwa 17,592,186,044,416. Makundi ya watu 10 ni 17,310,309,456,440. Gawanya: kama 0.984. Imepenya kwa tundu la sindano, lakini imepenya. Watu 101 wangepitisha jumla juu ya 1.

Jumla ikipita 1, usiseme kitu hakipo. Kwa makundi ya watu 4, hesabu hii inakufikisha watu 6 tu, ilhali mpangilio mzuri upo hata kwa watu 17. Hoja imenyamaza, haijakanusha.

Na kuupata mpangilio wenyewe? Kwa kamati 15, kila jaribio lina angalau 1/16 ya kufaulu, kwa hiyo kwa wastani majaribio hayazidi 16. Kama hutaki bahati, wapange watu mmojammoja. Ipe kila kamati uzito, yaani uwezekano wake wa kuharibika waliobaki wakirushiwa sarafu. Kamati yenye watu feri zote mbili ipe uzito 0. Ambayo hajapangwa mtu, 1/16. Ambayo waliopangwa wote wako feri moja, 1/16 akiwa mmoja, 1/8 wakiwa wawili, 1/4 watatu, 1/2 wanne, 1 watano. Kwa kila mtu, kokotoa jumla ya uzito akienda huku na akienda kule, kisha chagua ndogo. Wastani wa hizo mbili ni jumla uliyokuwa nayo, kwa hiyo haipandi kamwe. Mwishoni kila uzito ni 0 au 1, na jumla iko chini ya 1: zote ni 0.

Kwa watu 100 njia hii ni sahihi pia, ila usiijaribu. Kupitia makundi trilioni 17 kwa kila moja ya jozi 4,950 si kazi ya daftari, wala ya kompyuta ya nyumbani.