Kwa picha za mtaani, kamera uliyonayo inatosha

Mtu akiniuliza anunue kamera gani ili aanze kupiga picha za mtaani, na mimi humuuliza ana nini nyumbani. Karibu kila mmoja ana kitu: simu iliyopasuka pembeni, kamera ndogo ya mfukoni iliyosahaulika kwenye droo, au kamera ya kidijitali ya miaka mingi iliyopita na ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo ndani ya boksi. Basi toka na hiyo hiyo. Sisemi hivi kumfariji asiye na hela. Kwa kazi hii, kamera ya kawaida ina sifa moja ambayo zile kubwa hazina: unatembea nayo. Kamera nzito huachwa nyumbani mtu akitumwa dukani, na picha nyingi nzuri za mtaani hupatikana mtu akiwa ametumwa dukani.

Wengi hukwama kwenye megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Picha ya sentimita 20 kwa 30, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji megapikseli 8 na ushee. Kamera ya megapikseli 10 inaimudu, na kwenye skrini ya simu hakuna atakayejua tofauti. Udhaifu wa kamera za zamani uko kwingine. Gizani picha hujaa chenga, na fokasi, ule ukali wa picha, inatafuta weee mpaka mtu uliyemlenga ameshakata kona.

La giza dawa yake ni kutoka mchana. La fokasi lina ufumbuzi wa zamani sana, na ndio ulionirudishia hamu ya kupiga picha: usiiachie kamera itafute. Kwa lenzi hiyo ya kawaida, weka milimita 18, yaani pale inapoona eneo pana zaidi, tundu la lenzi (upenyo wa kuingizia mwanga) f/8, kisha lenga kitu kilicho umbali wa mita 2 hivi. Ikishashika, hamishia fokasi kwenye mkono, kamera isiibadilishe yenyewe, na usiiguse tena. Kwa kamera nyingi za aina hiyo, kuanzia kama mita 1 mbele yako hadi mbali kabisa kila kitu kitaonekana vizuri. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/250 ya sekunde, au kasi zaidi jua likiwepo, ili hatua ya mpita njia isitoke na ukungu. ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 400 mchana inatosha. Sasa kamera haina la kufikiria, ukibonyeza, imepiga. Wenye simu wamepumzishwa habari hii, maana sensa ya simu, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo mno kiasi kwamba karibu kila kitu kiko ndani ya fokasi. Wao wasafishe lenzi tu. Nusu ya picha hafifu za simu ni mafuta ya vidole.

Kinachobaki ni wewe na pa kusimama, na utamu wenyewe uko hapo. Anayeanza hutembea sana. Humkimbilia kila mtu mwenye kofia ya ajabu, anafika amechelewa, anapiga mgongo. Mimi siku hizi natafuta mahali kwanza, watu baadaye: ukuta wenye rangi iliyochoka, ngazi, kioo cha duka kinachorudisha barabara, uchochoro ambao jua la jioni linaingia kwa upande mmoja. Nikipapata, nasimama. Watu watakuja wenyewe, ni barabara.

Kuna ukuta mmoja ninaoupenda ambao jua likishuka huweka mstari mwembamba wa mwanga, upana wa mlango hivi, na pande zote mbili ni kivuli. Napima mwanga kwenye huo mstari wala si kwenye kivuli, kwa hiyo pembeni pote panakuwa peusi tii na aliyeingia katikati anang'aa. Alipita mwanamke akizungumza na simu, akatoka tena kabla sijabonyeza. Akaja mtoto wa shule, kivuli cha begi lake kikawa kikubwa kuliko yeye. Kisha akatokea fundi na ngazi begani. Ngazi ilitangulia kuingia kwenye mwanga, kipandio kimoja baada ya kingine, na vivuli vya vipandio vikawa vinatembea ukutani kabla mwenyewe hajaonekana. Niliipiga ikiwa ngazi na mkono tu. Kwa lenzi ya kuvuta mbali ningekuwa ng'ambo ya barabara nikitafuta uso wake, na ile ngazi ingenipita.

Vivian Maier alikuwa yaya mjini Chicago aliyepiga picha za mtaani, na picha zake zilianza kujulikana baada ya mali zake kupigwa mnada mwaka 2007, miaka miwili kabla hajafariki. Kamera anayokumbukwa nayo ni Rolleiflex, kamera ya filamu. Tusidanganyane, haikuwa kamera ya bei rahisi. Lakini ilikuwa na urefu mmoja tu wa lenzi, na roli moja ya filamu ilitoa picha 12. Akitaka kitu kiwe kikubwa, alisogea. Saul Leiter naye alipiga picha kwa miaka mingi katika mitaa ileile ya jirani na nyumba yake huko New York, mara nyingi kupitia vioo vyenye mvuke na matone ya mvua. Ukiona mtaa wenu umeisha, jaribu kuupitia mvua ikinyesha, au asubuhi kama umezoea jioni. Mimi mtaa wangu haujaniishia.

Kuhusu watu, sina kanuni ndefu. Sheria za kupiga watu hadharani hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo zijue za ulipo. Baada ya hapo ni ubinadamu. Simpigi mtu aliyelala njiani, aliyelewa wala anayelia, na watoto nawapiga pale tu wanapokuwa kivuli au umbo lisilotambulika. Mtu akinikazia macho, natabasamu na kuinua kamera kidogo kama kuuliza. Akikataa nashusha. Akitaka ifutwe, naifuta mbele yake. Hapa kamera ndogo inasaidia tena, kwa sababu haimtishi mtu. Ila usiifiche. Anayepiga kwa kuibia huonekana upesi kuliko aliyesimama wazi, na ndiye anayetiliwa shaka.

Jambo la mwisho ni skrini ya nyuma. Kila ukiinama kuangalia ulichopiga, ngazi nyingine inapita. Nimezima picha isijitokeze baada ya kubonyeza, na nikirudi nyumbani sizigusi kwa siku kadhaa. Zikiwa bado za moto, unaipenda picha kwa sababu ya jasho lililokutoka. Zikipoa, unaona kilichomo. Katika zote za mchana mmoja huwa nabakiwa na moja au sifuri, na sifuri haijawahi kunizuia kutoka kesho yake. Ila usizirundike. Garry Winogrand, mpiga picha za mtaani wa Marekani, alipofariki mwaka 1984 aliacha roli za filamu zipatazo 2,500 alizokwisha kuzipiga ambazo hazijasafishwa. Kwa Winogrand tunasamehe. Wewe kadi ikijaa, kaa chini uchague, na ile moja iliyobaki ichapishe hata kwa karatasi ya kawaida uibandike mahali utakapoiona kila siku. Ikikuchosha ndani ya wiki, ibandue.