Kabla hujafunga injini ya Toyota kwenye Land Rover ya mzee

Land Rover 109 ya marehemu baba ilitoka kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba aliinunua ikiwa tayari imechoka, nami nikairithi na injini yake ileile ya petroli ya lita 2.25. Iliponoki pale Pongwe, kila niliyemuuliza hapa Tanga alikuwa na jibu moja: funga 3L, ile dizeli ya Toyota ya lita 2.8 ya kwenye Hilux na Hiace. Nimeifunga, naitumia kila wiki, na sijuti. Lakini kazi ile nimeilipia mara mbili, na ningependa wewe uilipie mara moja.

Wapo watakaokwambia unaharibu gari la kumbukumbu. Usikubali. Magari mengi ya zamani yanayotunzwa leo kama lulu yalitoka kiwandani na injini ya mtu mwingine. Morgan Plus 8 ya mwaka 1968 ilitumia V8, yaani injini ya silinda nane, ya Rover. Na V8 hiyo yenyewe Rover hawakuibuni. Haki ya kuitengeneza waliinunua kwa General Motors, ilikuwa injini ya Buick, na ndiyo iliyokuja kuingia kwenye Range Rover mwaka 1970. Saab nao mwaka 1967 walilitia gari lao liitwalo 96 injini ya V4 ya Ford ya Ujerumani. Kwa hiyo ukoo wa Land Rover wenyewe una damu ya kununua.

Ila wale waliponunua injini walilitazama gari zima. AC, kampuni ya Uingereza, walipoweka V8 ya Ford kwenye gari lao dogo mwaka 1962, likazaliwa Cobra, walibadilisha hata difu ya nyuma, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, maana ile ya awali isingehimili nguvu hiyo. Gari linalonifundisha zaidi ni Sunbeam Tiger ya mwaka 1964. Nayo ilipewa V8 ya Ford, ndani ya boneti iliyobuniwa kwa injini ya silinda nne. Nafasi ilibana hadi plagi moja ya nyuma ukawa huifikii kwa mbele. Unafungua kidirisha ukiwa ndani ya gari, unaingiza mkono kupitia ukuta wa injini. Kisha Chrysler, Wamarekani wanaoshindana na Ford, wakakichukua kiwanda cha Sunbeam. Hawakutaka kuuza gari lenye moyo wa mshindani wao, na V8 yao wenyewe haikuenea mle, kwani distribyuta yake, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, iko nyuma ilhali ya Ford iko mbele. Mwaka 1967 Tiger ikaisha.

Mahali ilipo distribyuta tu! Ndiyo maana nakusihi uende na futi kamba kabla ya kwenda na pesa.

Na ukinunua, nunua injini na vyote vinavyoning'inia juu yake. Hapa ndipo nilipokosea. Muuzaji alikuwa ameshaing'oa oltaneta, ile inayochaji betri, na kumuuzia mwingine, akanipunguzia bei, nami nikaona nimepata. Tukafunga oltaneta nyingine iliyokuwa gereji. Taa zikawaka, betri ikachaji, tukapeana mikono.

Breki zilikuwa nzito kidogo, nikadhani ni sababu ya brekishuu mpya. Wiki ya pili nikapanda Lushoto kuchukua viazi na kabeji. Wakati wa kushuka, nilipopita Soni na mzigo nyuma, nikakanyaga pedeli ikawa kama nakanyaga jiwe. Mguu unasukuma, gari linaendelea. Nikaikamata kwa gia ya pili, kisha ya kwanza, nikateremka hivyo hadi Mombo huku paja la kulia likitetemeka.

Sababu yake ni hii. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, na mvuto huo ndio unaoendesha sevo ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga. Dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo Toyota wameweka pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya oltaneta. Niliyoiacha kwa muuzaji haikuwa oltaneta peke yake. Ilikuwa breki zangu. Tafadhali, kama gari lako lina sevo, igeuze oltaneta uitazame mgongoni kabla hujalipa.

Jambo la pili ni plati ya kuunganisha injini na giaboksi. Ya kwanza fundi aliitoboa kwa jicho. Tundu likihama milimita moja tu, shafti ya giaboksi inazunguka ikiwa imepinda, na mimi ilinilia beringi ya mbele ndani ya miezi michache. Ya pili nilimpelekea mkereza chuma mwenye lezi pale Ngamiani, akapima kutoka katikati ya flaiwili. Kelele ikaisha siku hiyohiyo.

Maji: weka rejeta kubwa, na usiache lile boksi linaloizunguka feni. Akitokea mtu wa kukuambia utoe thamostati, ile vali inayopima joto la maji, mkatalie, maana hedi za injini hizi zinapasuka zikichemka na joto letu la pwani unalijua. Dizeli pia inahitaji paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, ambayo gari la petroli huenda halina. Na kagua chesisi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haikuonyeshi kutu, lakini chesisi ni chuma na chumvi ya bahari huila kuanzia ndani. Igonge kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma kabla hujachomelea mauntingi mpya za kushikia injini.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Dai risiti kwa muuzaji, ukabadilishe taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema, usisubiri usimamishwe barabarani. Yangu niliibadilisha kabla hata ya kupaka boneti rangi, ileile ya kijani aliyoiacha baba.