Hukumu ya wiski ya New Orleans haikugusa katiba

SWALI: Mwalimu, tumefundishwa kuwa mwaka 1951, katika shauri la Schwegmann, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba sheria za majimbo zilizompa mtengenezaji mamlaka ya kupanga bei ya rejareja zinakiuka katiba. Mbona ziliendelea hadi 1975?

JIBU: Ziliendelea kwa sababu mahakama haikutamka hivyo. Swali hili naletewa kila muhula, na chanzo ni kilekile: karatasi za muhtasari wanazouziwa wanafunzi, zilizoandikwa na watu wasiowahi kuifungua hukumu yenyewe. Wakiona mtengenezaji kashindwa, basi, sheria "imekiuka katiba".

Ifungue. Akina Schwegmann, wenye maduka New Orleans, hawakusaini mkataba wowote wa kupangiwa bei. Waliuza wiski ya Calvert dola 3.35, ilhali bei iliyopangwa ilikuwa dola 4.24. Sheria ya Louisiana ilimfunga hata asiyesaini, mradi muuzaji mwingine amesaini. Mahakama ikauliza jambo moja: je, sheria ya Miller-Tydings ya 1937, iliyoinusuru mikataba hiyo na sheria ya Sherman, ile inayokataza makubaliano ya kuzuia ushindani, inamkinga pia anayemlazimisha asiyesaini? Ikajibu hapana. Hiyo ni tafsiri ya sheria ya Bunge la Marekani, na ndiyo maana Bunge hilo lilirekebisha mambo mwaka uliofuata kwa sheria ya McGuire, iliyoruhusu kumfunga hata asiyesaini. Lingekuwa suala la katiba, sheria ya kawaida isingefua dafu.

Katiba ya Marekani ilikuwa imeshajadiliwa 1936, Old Dearborn dhidi ya Seagram, shauri la kutoka Illinois. Mahakama ilisema sifa ya nembo ni mali ya mwenye nembo, na jimbo laweza kuilinda. Mwenye duka akitaka uhuru, aibandue nembo auze apendavyo. Hoja hiyo haijanishawishi hata siku moja. Nani anunue wiski isiyo na jina?

Lakini kila jimbo lina katiba yake. Michigan 1952 na Georgia 1953, mahakama zilikifuta kipengele cha wasiosaini kwa katiba za majimbo hayo, na Old Dearborn ikabaki palepale. Mwaka 1975 ni Bunge lililoondoa kinga yote.

Kosa hili haliishii kwenye mtihani. Nimeshika rasimu ya wakili kijana iliyoitegemea hukumu kwa jambo ambalo jaji hakuliamua kabisa. Aya nzima ilinakiliwa kutoka kwenye karatasi hizo, hadi makosa ya tahajia. Mteja wake alikuwa ameshalipa. Kabla hujaandika "inakiuka katiba", itafute sentensi ya jaji inayosema hivyo, na uone ni katiba ipi. Usipoiona, usiandike.