Kuahirisha chuo mwaka mmoja uende Ujerumani: uzoefu wangu, mtu wa Ujiji

Mdogo wangu wa Kasulu, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Uko mwaka wa pili, unasomea ualimu hapo Dar, umepata familia ya Ujerumani inayotaka ukakae nayo mwaka mzima kama au pair, yaani kijana anayeishi na familia na kuisaidia kulea watoto, na mzee wako amesema ukiondoka ndiyo umeacha chuo. Unauliza uende au ubaki. Mimi ni wa Ujiji, niliahirisha baada ya mwaka wa pili, nikaenda, nikarudi, nikamaliza shahada. Nenda, ila uondoke kwa barua.

Nasisitiza barua kwa sababu nimeona watu waliodisko, yaani waliofutwa chuo, kwa kuondoka kimyakimya. Walimaliza mitihani, wakapanda ndege, wakidhani watajieleza wakirudi. Chuo hakijui habari za Ulaya. Kinaona mwanafunzi hajajisajili, hana matokeo, basi. Omba kuahirisha masomo mapema, na usiridhike na neno la mdomo la mtu yeyote. Subiri jibu la maandishi linalotaja mwaka wa masomo utakaorudi. Kama una mkopo, nakala ifike kwa afisa mikopo wa chuo, usije ukarudi ukaanza kuhangaikia bumu, pesa ya mkopo, upya.

Barua hiyohiyo ndiyo iliyomlegeza baba. Kikao kilifanyika nyumbani, baba wadogo wote wamo, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mtoto aliyefika chuo kikuu hawezi kwenda kulea watoto wa watu. Sikubishana. Nilimpa baba barua, akavaa miwani, akaisoma akifuata mistari kwa kidole hadi palipoandikwa mwaka wa kurudi, kisha akampa mama naye auone muhuri. Baada ya hapo mjadala ukawa nauli.

Na nauli ni yako. Pasipoti ni shilingi 150,000, viza ya muda mrefu euro 75, na lazima uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa. Soma Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani kinachofundisha lugha yao, ukiwa bado Dar, kwa sababu ukisharudi Kasulu darasa hulipati. Vyeti, kinyume chake, vitafute nyumbani likizo hii. Sisi watu wa mpakani maswali ya uraia kwetu huwa mengi, kwa hiyo uwe na cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi, na kitambulisho cha NIDA, vyote majina yakilingana herufi kwa herufi. Umri nao uangalie: unatakiwa uombe kabla hujatimiza miaka 27.

Sasa pesa, maana hapo ndipo undugu unapoingia doa. Familia inakupa chumba, chakula, bima na euro 280 kwa mwezi, na kila mwezi inachangia euro 70 za kozi ya lugha. Hiyo ni posho, lakini nyumbani wataisikia kama mshahara wa Ulaya. Nilimweleza mama kabla sijaondoka, tukiwa tunamimina mawese kwenye madumu, kwamba sitaweza kutuma kila mwezi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi usimwambie mtu unapata ngapi." Nilishika neno lake, na mpaka leo namshukuru.

Kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Mimi niliandika saa zangu kwa penseli kwenye kalenda iliyobandikwa jokofuni, kila jioni, mbele ya kila mtu. Watoto walipofunga shule Desemba saa zikazidi, na mama mwenye nyumba akaiona kalenda kabla sijafungua mdomo, akanipa Ijumaa nzima ya kupumzika. Wengine hawana bahati hiyo. Namfahamu dada aliyegeuzwa mfanyakazi wa ndani kabisa. Aliomba kubadilisha familia, jambo linaloruhusiwa, na akamaliza mwaka wake vizuri. Baridi utaizoea. Giza la saa kumi na nusu jioni ni gumu zaidi, kwa hiyo miezi ile usikose darasa la lugha hata siku moja, maana ndiko utakakopata watu wa kuongea nao.

Uliuliza pia kama kuna faida yoyote kwa masomo. Mimi nilikuwa nasoma historia. Siku moja ya mapumziko nilikwenda Papenburg, mji wa mifereji kaskazini-magharibi, ambako MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliundwa mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha hadi Dar na kuletwa kwetu Kigoma, ikaingia ziwani 1915. Meli ile nimeipanda tangu utotoni. Kusimama pale ilikotoka kulinipa swali ambalo darasani halikuwahi kunijia: wale waliobeba makasha yale na kuiunganisha upya pale Kigoma walikuwa akina nani? Nikalifanya utafiti wa mwaka wa tatu, nikazunguka Ujiji na Kibirizi kuhoji wazee. Bila mwaka ule nisingeandika kazi ile.

Ukirudi, wenzako watakuwa wanamaliza na utakaa na wadogo usiowajua. Inauma wiki za mwanzo. Panga tarehe zako ili uwe nchini kabla ya usajili.

Mkataba ukiletewa usisaini haraka. Funika majina, uuweke hapa, tuusome pamoja kipengele kwa kipengele, hasa saa za kazi na siku za mapumziko.