Pango la ATM, Belize: simu, soksi na siku ya kupiga mbizi

Umeuliza kuhusu safari ya Belize, Amerika ya Kati: kama uingie na simu kwenye pango la ATM (kifupi cha Actun Tunichil Muknal), viatu gani uvae, na kama uanze na pango au kupiga mbizi kwenye matumbawe.

Simu sahau. Tangu 2012 kamera ya aina yoyote ni marufuku ndani ya Actun Tunichil Muknal, hata ile isiyoingiza maji, kwa sababu mtalii aliangusha yake juu ya fuvu la kale likatoboka.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vya kufunga kamba, soli yenye meno. Ndala zitachukuliwa na maji: unatembea msituni kama dakika 45, unavuka mto mara tatu, kisha mlangoni unaogelea. Wengi husahau soksi. Kwenye chumba cha juu, kikavu, unavua viatu na kupita na soksi tu kati ya vyungu vya Wamaya, wenyeji wa kale wa huko, na mifupa iliyogandwa na chokaa. Peku hawakubali, mafuta ya ngozi huharibu ile chokaa. Beba soksi nzito, sakafu ina ncha zinazochoma! Huingii bila kiongozi mwenye leseni. Kofia ngumu na taa ni vyake.

Mimi ningeanza na pango. Mvua ikijaza mto linafungwa, hivyo unabaki na siku za kusogeza. Ila ukimalizia na mbizi, acha saa 18 kabla ya ndege, maana naitrojeni iliyobaki mwilini hufanya viputo hewa ikipungua shinikizo. Kutoka kisiwa cha Caye Caulker kurudi Belize City panda boti tu.